Somo: Kuchagua rangi ya kuzuia kutu kwenye jengo la biashara

Paa langu la kwanza nililiharibu mwenyewe. Lilikuwa la safu ya maduka hapa Kondele, Kisumu, mabati mapya ya zinki, yanang'aa hata saa sita huwezi kuyatazama. Mwenye jengo alitaka maruni. Nikanunua rangi ya mafuta ya bei nzuri, nikapiga koti mbili moja kwa moja juu ya bati, tukapiga na picha. Ikaja mvua ya Machi, likaja jua la baada yake, rangi ikaanza kunyanyuka. Kufikia Agosti nilikuwa nashika ncha kwa kucha na kuvuta kipande cha ukubwa wa gazeti, kama mtu anayebandua ukoko wa ugali. Chini ya kile kipande palikuwa na ungaunga mweupe, unateleza kati ya vidole.

Ule unga ulikuwa sabuni. Mafuta yaliyomo kwenye rangi yakikutana na zinki na unyevu hugeuka polepole kuwa sabuni ya zinki, na rangi haiwezi kushika juu ya sabuni. Rangi haikuwa feki, na fundi mwenzangu hakuiba. Ilikuwa rangi nzuri juu ya chuma kisicho chake. Ndiyo maana somo hili halianzi dukani.

Hatua ya 1: Jua ni chuma gani

Jengo moja huwa na vyuma vitatu au vinne: nguzo na mihimili ya chuma cheusi (kisichopakwa zinki), mabati ya zinki, fremu za alumini, na nondo zilizofichwa ndani ya zege. Kila kimoja kina matakwa yake. Tena kuna vyuma vinavyojifanya. Bomba la mraba linaweza kupakwa rangi ya fedha, ukauziwa kama limepakwa zinki.

Kipimo changu ni mrututu, ule wa buluu wanaotumia wakulima kutengeneza dawa ya ukungu. Yeyusha kijiko kidogo kwenye nusu glasi ya maji, katika chupa ambayo haitarudi jikoni kamwe, maana ni sumu. Kwaruza chuma kidogo kwa msasa, weka tone moja, subiri. Tone likiacha doa jeusi, hapo pana zinki. Likiacha wekundu wa shaba, hicho ni chuma kitupu. Suuza kwa maji mengi ukimaliza, kwa sababu mabaki yake yenyewe huleta kutu.

Hatua ya 2: Jua hewa inayokizunguka

Kila mara nasikia mtu wa Kisumu akisema, "Sisi tuko ziwani, tununue rangi ya Mombasa." Hapana. Mombasa kuna chumvi ya bahari. Maji ya Ziwa Victoria si ya bahari, hayana chumvi ya kutisha. Adui wa Kisumu ni unyevu: umande wa asubuhi na mvua ya ghafla ya alasiri, chuma kinalowa na kukauka kila siku.

Nakuru ni hadithi nyingine. Mji uko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na jua la huko hula rangi. Tena ziwa lake ni la magadi. Ukiwa upande ambao upepo unaleta vumbi la ufuoni, kumbuka kwamba mafuta na magadi ndiyo mapishi ya sabuni. Sabuni ileile ya Kondele, kwa njia nyingine.

Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 12944, kinachogawa mazingira kuanzia C1, ndani ya nyumba kavu, hadi C5 na CX, kama viwanda vikali na baharini. Kwa maoni yangu duka la kawaida katikati ya Kisumu au Nakuru lipange kwenye C3. Jengo lililo karibu na moshi wa kiwanda, bwawa la kuogelea la hoteli, au chumba cha kusafishia samaki, panda hadi C4. Kiwango hichohicho kinaita kinga ya miaka 15 hadi 25 kuwa ya muda mrefu. Hiyo ni hesabu ya lini utarudi kukarabati, si garantii ya dukani.

Hatua ya 3: Safisha, na hapa ndipo pesa iende

Mteja akiniambia bajeti haitoshi, mimi napunguza bei ya rangi kabla ya kugusa siku za kusafisha. Rangi ya wastani juu ya chuma safi hushinda rangi ya kifalme juu ya kutu.

Anza na mafuta. Osha kwa maji na sabuni ya kukata grisi, suuza, acha pakauke. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, unayasambaza mafuta na kuyasugulia ndani ya mikwaruzo. Wengi huiruka hatua hii.

Kisha gamba la kiwandani. Chuma cheusi kipya hutoka kiwandani na ngozi ya rangi ya kijivu-buluu, ngumu, laini, inayopendeza. Usidanganyike nayo. Hupasuka baadaye, maji yanaingia chini yake, na inapong'oka inaondoka na rangi yako yote. Njia ya uhakika ni kupiga chuma kwa mashine ya hewa inayorusha chembe kali, hadi daraja la usafi liitwalo Sa 2½, ambapo kinabaki karibu cheupe. Msitumie mchanga wa mtoni mkavu, vumbi lake huharibu mapafu bila tiba. Kama mashine hakuna, grainda na brashi ya waya hadi chuma king'ae, hiyo wanaita St 3, lakini ujue kinga itadumu miaka michache kuliko ya mashine.

Pembe kali zisage ziwe mviringo. Rangi ikikauka hujivuta kutoka kwenye ncha, na ndiyo maana kutu huanza pembeni kwanza. Palipochomelewa, ondoa vile vitone vya chuma vilivyoruka.

Mabati mapya hayapigwi grainda hata kidogo, utaondoa zinki uliyoilipia. Yaoshe, yasugue kidogo kwa msasa laini yapoteze ule mng'ao, basi.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo uchague

Chuma cheusi cha ndani, pakavu: praima (rangi ya kwanza ya kushika chuma) ya zinki fosfeti na koti mbili za rangi ya mafuta zinatosha. Redi oksaidi ya kawaida, ile praima nyekundu, nayo hufanya kazi hapa. Tatizo ni wale wanaoipiga koti moja nyembamba nje ya jengo na kuiita kinga.

Chuma cheusi cha nje: praima ya epoksi ya mikebe miwili inayochanganywa, epoksi nene katikati, na poliurethani juu. Watu huuliza kwa nini wasiache epoksi juu ilhali ni ngumu hivyo. Ni kwa sababu jua huigeuza chaki. Pitisha kiganja kwenye nguzo ya epoksi iliyokaa juani mwaka mmoja, utaondoka na mkono mweupe.

Mabati ya zinki: praima iliyoandikwa kwenye mkebe kwamba ni ya mabati, mara nyingi ya akriliki inayochanganywa na maji, au epoksi. Juu yake akriliki. Rangi ya mafuta isiguse zinki moja kwa moja. Mimi nimeshalipa ada ya somo hilo.

Zege: subiri siku 28 baada ya kumwaga, kisha rangi inayostahimili alkali. Kama nondo imeshavimba na kupasua zege, hakuna rangi itakayoificha. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Bomoa, safisha nondo, ziba, ndipo upake.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya unene

Soma kwenye karatasi ya rangi asilimia, kwa ujazo, ya kinachobaki baada ya kukauka. Zidisha kwa 10, gawanya kwa unene unaoutaka kwa mikroni (mikroni 1,000 ni milimita moja). Rangi yenye asilimia 50, ukitaka mikroni 75 kavu: 500 gawanya kwa 75, lita moja inafunika kama mita 6.7 za mraba. Eneo la mita 40 za mraba ni lita 6, ongeza za kumwagika na kubaki kwenye roli, nunua 8. Fundi akikuambia lita 3 zinatosha kwa koti hiyo, muulize thina ya kuzimulia itakuwa kiasi gani.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Kisumu napaka kuanzia saa tatu, umande ukishakwisha, hadi saa nane hivi, kabla mawingu hayajajikusanya. Kanuni ya vitabu ni chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutokea, na unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 85. Huna kifaa? Pitisha kitambaa chenye maji kwenye chuma. Alama ikikauka ndani ya robo saa, endelea. Isipokauka, rudi kwenye chai.

Kabla ya kila koti, pitisha brashi kwenye pembe, boliti na mishono ya kuchomelea. Epoksi ikishachanganywa haikusubiri, changanya ya kutumia saa hizo tu. Na poliurethani ikipulizwa kwa mashine inaumiza kifua: vaa barakoa yenye vichujio vya kemikali, si ile ya kitambaa.

MASWALI

Mwanachama, Kakamega: Mwalimu, mzee mmoja alinishauri niache mabati yapigwe na mvua mwaka mzima ndipo nipake. Ni kweli?

Jibu: Mzee wako hakukosea, hiyo ndiyo iliyokuwa njia. Bati likichakaa linapoteza mng'ao na rangi inashika. Ila siku hizi kuna praima ya mabati, kwa hiyo mwaka wa kusubiri si lazima. Ukiwa umeshasubiri, osha ule unga mweupe kwanza.

Mama Samaki, Dunga: Nguzo zangu zinaoza chini tu, pale zinapokutana na sakafu. Juu ni nzima. Nimepaka mara tatu.

Jibu: Pole dada. Unaosha sakafu kila jioni, si ndiyo? Na dawa ya klorini? Na barafu yenye chumvi? Basi hiyo kona haikauki, na klorini ni kali kuliko mvua yoyote ya Kisumu. Safisha nguzo hadi chuma king'ae, suuza kwa maji yasiyo na dawa, paka epoksi nene hadi nusu mita kwenda juu, kisha jenga kizingiti kidogo cha zege kuizunguka chenye mteremko, maji yaondoke. Bila mteremko tutaonana tena mwakani.

Fundi wa Jua Kali, Nakuru: Mkubwa, mimi miaka yote nazimua kwa petroli na wateja hawajalalamika.

Jibu: Ndugu yangu, wateja wakilalamika huenda kwa fundi mwingine. Petroli huharibu mchanganyiko wa rangi na inaweza kukuchoma wewe na jengo. Kwa epoksi, tumia thina yake tu.

Mwanachama, Bungoma: Ile dawa ya kugeuza kutu kuwa nyeusi inafaa?

Jibu: Kwa kutu nyembamba iliyoshika, ndiyo. Kutu inayotoka kwa magamba, hapana. Inageuza juu tu, chini inaendelea.

Mwanachama, Kisii: Waya wa shaba wa kuzuia radi umeshuka juu ya bati langu, na bati limetoboka palepale. Bahati mbaya?

Jibu: Maji yanayotoka kwenye shaba hula zinki. Hamisha waya, usiishie kupaka.

Mwanachama, Kisian: Nimejaribu mrututu kwenye mabomba niliyouziwa jana kuwa ya zinki. Tone limekuwa jekundu.

Jibu: Kote, au pale ulipokwaruza sana? Jaribu pengine, ukigusa kwa msasa kidogo tu.

Mwanachama, Kisian: Pote wekundu. Na msasa umetoka na rangi ya fedha.

Jibu: Basi rudisha mabomba kabla hujayakata. Nenda na chupa ya mrututu, uwawekee tone pale kaunta.