Kukagua pampu ya besimenti kwa sikio na mkono

Theluji ikiyeyuka, nyumba nyingi za Chicago hutegemea pampu ya kutoa maji iliyo ndani ya shimo la besimenti, yaani chumba cha chini ya ardhi. Asiyeona anaweza kuikagua mwenyewe.

Mwaga ndoo ya lita 20 shimoni, polepole. Boya, yaani swichi inayoelea, likipanda pampu iwake, maji yashuke, kisha izime. Papo hapo utasikia “dup” moja bombani: ni vali ya kuzuia maji yasirudi. Maji yakiporomoka kurudi shimoni, vali imekufa. Pampu ikivuma na maji hayapungui, feni yake imekwama kwa changarawe au hewa imenasa bombani. Isipowaka kabisa, mara nyingi boya limebanwa na ukuta wa shimo.

Usitie mkono bado! Chomoa plagi zote mbili, ya boya na ya pampu. Zivishe raba bendi uzitambue kwa kugusa. Sakafu ikishajaa maji, usishuke hadi umeme wa nyumba ukatwe. Plagi zikishachomolewa, ndipo upapase boya: lipande na kushuka bila kugusa chochote.

Nje, bomba limwage maji angalau mita 3 kutoka ukutani, la sivyo yanarudi kulekule. Kengele ya betri inayolia ikiguswa na maji, ya kuweka kando ya shimo, inunue kabla ya kitu kingine chochote.