Motahomu imegoma, unaipeleka kwa nani? Jinsi ya kupata fundi wa maana huku Marekani

Wakuu, naona sa hivi wabongo na wakenya wengi wa huku Marekani wameanza kununua motahomu, wengine mnaita gari-nyumba, wazungu wao wanasema RV basi. Na mimi nimo. Huu mwaka wa nne, mimi na shemeji yangu tulichanga tukachukua used, ile saizi ya kati yenye kitanda juu ya dereva, mbele ni Ford E-450 na nyuma ni nyumba kamili, jiko, choo, friji, watoto wanalala wanne bila kugombana (wanagombana, ila nafasi ipo). Kununua ilikuwa wiki moja tu. Kupata fundi ndo ilinichukua miaka miwili kuelewa, na mi kazi yangu ni trela, gereji za barabarani nazijua nusu ya nchi hii, nikadhani hilo nalo ni gari kama magari mengine.

Nilivyoumia ni hivi. Mwezi wa tano friji, ile inayotumia gesi au umeme, ikagoma kwenye gesi, na breki za mbele zikaanza kulia. Nikaipeleka dila moja kubwa tu ya motahomu, yaani duka linalouza na kutengeneza, nikawaambia vyote viwili, wakaniambia wiki mbili. Gari nimekuja kulitoa mwisho wa mwezi wa nane! Breki hawajazigusa, eti chesisi, yaani gari la chini, wao hawafanyi, na friji wanasubiri spea. Harusi ya Houston tuliyoinunulia hilo gari tukaenda na ndege watu tisa, nauli siitaji hapa mke wangu asije akasoma akakumbuka. Septemba nikaita fundi mmoja anayetembea, akaja hadi uani, akafungua kile kifuniko cha nje cha friji, akachomoa kabomba ka moto, ndani kumejaa udongo wa nyigu. Nyigu walijenga nyumba! Akasafisha, akawasha, saa moja haijaisha friji inapoa. Breki zikafanywa kwenye gereji ya malori siku moja.

Ndo nikaelewa kwamba hapo una vitu viwili vimefungwa bolti pamoja. Chini kuna gari, yaani injini, giaboksi, breki, stelingi, springi, hiyo kaitengeneza Ford au Freightliner au Mercedes. Juu kuna nyumba, yaani paa, mabomba, friji, hita, AC ya paani, kile chumba kinachotoka pembeni kwa mota, hiyo kaijenga mtu mwingine kabisa, mara nyingi kule Elkhart, Indiana na vitongoji vyake, na vifaa vya ndani navyo ni vya kampuni nyingine tena, Dometic, Suburban, Onan. Kwa hiyo kabla hujagusa simu jiulize kwanza kinachoumwa ni gari au ni nyumba, maana mafundi wanaoweza vyote viwili vizuri ni wachache mno, na anayekuambia anaweza vyote mpe maswali mawili matatu ya ziada.

Upande wa gari kwanza maana huo ni mwepesi. Kama ni ya petroli kwenye chesisi ya Ford, tafuta dila ya Ford yenye kitengo cha magari ya kazi, zile zinazohudumia malori ya delivari na ambulansi, maana ambulansi nyingi na hizi motahomu zinatumia chesisi moja ya E-450. Dila ya kawaida itakupokea kwenye simu vizuri kabisa halafu ukifika wanaangalia juu wanashika kichwa. Uliza urefu wa mlango wao na uwezo wa lifti yao. E-450 imeruhusiwa uzito mpaka pauni 14,500, ni kama tani sita na nusu hivi, lifti ya kunyanyua Corolla haiwezi. Urefu upime mwenyewe na AC ya paani ikiwemo, ya kwangu inapita futi 11, zile motahomu kubwa za umbo la basi zinafika 12 na 13, andika kwenye tepu ubandike karibu na stelingi. Kama ni ya Sprinter hiyo ni Mercedes, ila usiende Mercedes yoyote, ulizia wenye kitengo cha van, wale wa magari madogo hawaigusi.

Mwenye basi la dizeli, injini nyuma, wewe ni mwenzetu sisi wa trela. Nyingi ziko kwenye chesisi ya Freightliner na injini ya Cummins, gereji za malori zinafanya oili, breki na mifumo ya upepo, na mara nyingi bei ina nafuu kuliko dila la motahomu kwa kazi hiyohiyo. Freightliner wa chesisi za motahomu wenyewe wako Gaffney, South Carolina, wana gereji yao palepale na mtandao wa gereji walizozikubali unaitwa Oasis, ukipiga simu wanakuelekeza ya karibu. Na hii wengi hawajui, jenereta yako ikiwa Onan hiyo ni mali ya Cummins, kwa hiyo gereji ya Cummins inaweza kukuhudumia jenereta hata kama injini yako ni Ford. Ila jenereta nyingi zinaharibika kwa kukaa tu bila kuwashwa. Iwashe kila mwezi, iwekee mzigo nusu, AC inatosha, iache kama masaa mawili.

Haya, upande wa nyumba, hapa ndo patamu na ndo pachungu.

Karatasi za fundi wa nyumba ni tofauti na za fundi wa gari. Fundi wa gari utamsikia anataja ASE, cheti cha mafundi wa magari, ile beji ya bluu, ni nzuri lakini haimfundishi friji ya gesi. Huyu wa nyumba muulize kasomea wapi. Kuna chuo cha RV Technical Institute pale Elkhart, kilianza 2019, kinatoa ngazi nne, ngazi ya kwanza ni mtu wa kukagua gari kabla mteja hajakabidhiwa, ya nne ndo bingwa. Kuna kingine Athens, ya Texas sio ya Ugiriki, kinaitwa National RV Training Academy, mafundi wengi wanaotembea wametokea hapo. Sasa dila likikuambia "mafundi wetu wana vyeti" usiishie hapo, uliza wangapi na ngazi gani na je huyo mwenye ngazi ndo atagusa gari langu au ataligusa kijana aliyeanza juzi? Swali hilo linawakera, uliza tu.

Mi kwa matatizo madogo naanza na fundi anayetembea. Friji, hita ya maji, pampu, taa, betri za nyumba, chumba kinachogoma kutoka, hivyo vyote anafanya kwenye maegesho yako, gari halilali kwake miezi mitatu. Ni kama yule fundi wetu wa chini ya mwembe ila huyu mwembe anauhamishia kwako. Muulize kama ana bima ya kazi, na kama ni kazi ya gesi muulize ana kipimo cha presha ya gesi, akikujibu anatumia povu la sabuni peke yake basi mshukuru umwite mwingine. Povu linaonyesha kiungo kinachovuja, lakini bila kipimo hajui kama mfumo mzima unashika presha.

Kazi za bodi, kuta kuvimba, paa, ajali, hizo peleka kwenye gereji yenye jengo. Gereji huru ya mtu aliyefanya miaka kumi peke yake mara nyingi naiamini kuliko dila, maana madila mengi yanatanguliza walionunua kwao, wewe wa used unawekwa mwisho wa foleni. Waulize wazi, mnapokea gari ambalo sikununua hapa? Na litalala nje mvua ikinyesha, au ndani?

Halafu kuna kurudi kiwandani kabisa. Wenye motahomu za Tiffin wanaenda Red Bay, Alabama, kamji kadogo hivi, kuna gereji ya kiwanda na kambi jirani yake ambapo wateja wanalala kwenye magari yao wakisubiri zamu. Winnebago wako Forest City, Iowa, Newmar wako Nappanee, Indiana. Kama tatizo limewashinda wawili watatu na safari iko upande huo, inalipa, maana unakutana na mtu anayejua waya umepita ukuta gani. Hata kama brand yako haina gereji ya kiwanda, pale Elkhart na jirani zake kuna gereji ndogo nyingi ambazo mafundi wake walijenga haya magari kwa mikono yao.

Kwenye simu, mbali na hayo niliyosema, uliza bei ya saa (huku kwangu nimeshaambiwa zaidi ya dola 150 na yule kijana hakutetereka hata sauti), uliza ada ya kuchunguza tatizo na kama inakatwa kwenye bili ukikubali kazi, taka makadirio kwa maandishi na iandikwe wasizidishe bila kukupigia. Majimbo mengine sheria iko upande wako, California gereji lazma isajiliwe na Bureau of Automotive Repair, ofisi ya jimbo inayosimamia gereji, na makadirio ya maandishi ni haki yako, Michigan nayo inasajili gereji na mafundi wenyewe wanapewa vyeti na jimbo. Unaweza kuangalia usajili wao kabla hujaenda.

Kabla hujalipia chochote chukua namba ya chesisi, ile herufi na tarakimu 17 ambazo huku wanaita VIN, ingiza kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa serikali wa usalama barabarani, uone kama gari limeitwa kurudishwa kurekebishwa, maana hiyo kazi ni bure. Ila friji na hita zina orodha zake, hazitokei lazma kwenye VIN, kwa hivyo chukua modeli na siriali ya kifaa chenyewe uangalie kwa mtengenezaji.

Paa nalisema peke yake. Kwetu wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, huku usipoziba ufa wa paani ukuta ulionao unaoza kwa ndani, mbao laini, ukibonyeza kidole kinazama, na bili hapo inaweza kupita bei ya gari lenyewe kama ni la zamani. Panda kila miezi mitatu uangalie sili kwenye matundu na kingo. Fundi wa paa mzuri anakuja na kipima unyevu, anapima kuta kwanza. Akija na kopo la sili tu akaanza kupaka juu ya uchafu, mshushe.

Muda nao. Mikoa ya baridi kila mtu anaamka mwezi wa nne, foleni mpaka mwezi wa saba. Mi sa hivi nabuku Januari, mafundi wamekaa wanakunywa kahawa. Tatizo moja tu, maji umeshayatoa ukaweka ile dawa ya pinki isigande, kwa hiyo mabomba hawawezi kuyajaribu vizuri, hayo yaache yasubiri joto.

Na ikifia barabarani, usitegemee kadi ya kawaida ya AAA, kile chama cha kuwasaidia madereva barabarani, haivuti motahomu mpaka uongeze kipengele cha RV. Nimekuta mkenya mmoja amekaa njia kuu ya Pennsylvania masaa sita kwa hilo.

Siku ya kupeleka, mwaga tangi la choo, tafadhali, wengine wanakataa gari na wengine wanakutoza. Piga picha ndani nje na maili. Siku ya kuchukua fika asubuhi, usifike saa kumi na moja wanafunga. Washa friji kwenye gesi na kwenye umeme, fungulia maji kila bomba halafu chungulia chini ya sinki na tochi, toa chumba urudishe mara mbili, washa jenereta na AC pamoja, omba spea za zamani uzione. Mi napika chai palepale kwenye maegesho yao, nusu saa, kwa jiko la ndani. Mara ya mwisho mhudumu akaja kuuliza kama kuna shida, nikampa kikombe, hita ya maji ikazima tukiwa tunaongea, akaenda mwenyewe kumwita fundi.