Obiti ya satelaiti kwa raba, mshipi na chupa ya maji

Jaribio la kuzungusha raba kwenye uzi ili kuonyesha obiti, yaani njia ya satelaiti kuizunguka Dunia, ni la zamani, ila likifanywa kivivu humwachia mwanafunzi imani mbili potofu: kwamba satelaiti inasukumwa kwenda nje, na kwamba ikiwa mbali zaidi ndivyo inavyokimbia zaidi. Mpangilio huu unaziondoa zote mbili.

Tafuta bomba la kalamu lisilo na wino, mshipi wa nailoni mita 1.5 (ule wa wavuvi wa Ziwa Nyasa, Kyela upo), raba ya kufutia, kifungo cha shati, chupa ya plastiki ya nusu lita, kibanio cha nguo na simu ya kupimia muda. Usitumie jiwe wala nati. Kitu kinazunguka kwa zaidi ya mita 6 kwa sekunde. Kikichomoka ni jicho la mtu.

Pitisha mdomo wa juu wa bomba kwenye moto wa mshumaa kidogo tu, ulainike. Ukingo mkali huongeza msuguano na hatimaye hukata mshipi. Toboa raba, pitisha mshipi, kisha ufunge kwenye kifungo upande wa pili, la sivyo utaipasua raba. Raba pamoja na kifungo ziwe gramu 20. Maabara isipokuwa na mizani nzuri, ile ndogo ya kupimia dhahabu inafaa, na kwa Chunya si kitu cha kuhangaikia.

Mshipi upite ndani ya bomba, chupa ining'inie chini. Pima chupa tupu pamoja na kibanio, halafu ongeza maji kwa bomba la sindano mpaka jumla ifike gramu 200. Mililita moja ya maji ni gramu moja. Pima sentimita 40 kutoka mdomo wa bomba hadi katikati ya raba, ukifuata mshipi wenyewe, kisha bana kibanio sentimita moja chini ya bomba.

Zungusha juu ya kichwa, watu wakae mita tatu. Kibanio kikishuka, unazungusha polepole mno. Kikigusa bomba, umezidisha, na kipimo hicho ni cha kutupa kwa sababu mkono ndio unaobeba kani badala ya maji. Mizunguko 20 ichukue kama sekunde 8. Mshipi utainama kidogo kwa uzito wa raba. Usihangaike nao, hesabu haibadiliki maadamu urefu umepimwa kwa kuufuata mshipi.

Sasa ongeza urefu hadi sentimita 80. Hapa ndipo wengi hukosea: wanaacha gramu 200 zilezile. Wakifanya hivyo, mizunguko 20 inachukua sekunde 11 hivi, na kasi ya raba inapanda kutoka mita 6.3 hadi 8.9 kwa sekunde. Angani ni kinyume kabisa. Mvutano wa Dunia hupungua kwa mraba wa umbali kutoka kitovu chake: umbali mara mbili, kani robo. Mshipi haulijui hilo, kwa hiyo mwaga maji mpaka zibaki gramu 50. Rudia, na mizunguko 20 itachukua karibu sekunde 23. Gawanya 23 kwa 8 upate takriban 2.8, yaani mzizi wa pili wa 8, sawasawa na kanuni ya tatu ya Kepler: mraba wa muda wa mzunguko huenda na mchemraba wa umbali, na mchemraba wa 2 ni 8. Tofauti ya asilimia kumi inavumilika, chanzo ni msuguano. Pima mara tatu uchukue wastani. Makambako mfanye ndani, upepo wa kule hautawapa jibu.

Kwa inesha, yaani tabia ya kitu kuendelea na mwendo wake uleule, kata robo ya ukingo wa kifuniko cha ndoo, kilaze mezani na uviringishe gololi ndani ya ukingo. Kabla hajaachia, kila mwanafunzi achore kwa chaki njia anayoitarajia. Ikifika penye pengo gololi huenda moja kwa moja: haipindi kwenda nje, wala haiendelei na duara.

Kisha wakokotoe. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko juu kama kilomita 400, kinakwenda kilomita 7.67 kwa sekunde (Mbeya hadi Iringa kwa mstari mnyoofu, sekunde 36 hivi). Mvutano pale bado ni 8.7 m/s², si sifuri, hivyo katika sekunde moja kinaanguka mita 4.3. Kama kingekwenda moja kwa moja kilomita hizo 7.67, umbali wake kutoka ardhini ungeongezeka mita 4.3, kwa sababu Dunia imepinda. Kinaanguka kila sekunde, lakini ardhi haikaribii.

Mwanafunzi makini atauliza kwa nini basi huinuliwa kwa roketi kila baada ya muda. Kwa kilomita 400 bado kuna hewa hafifu inayokikwaruza. Nishati na kimo hupotea kidogo kidogo.