Tembo nyuma ya matawi: kupiga picha wanyama wakubwa katika pori la kusini

Wanaokuja kuazima lenzi studio kwangu hapa Masasi huniuliza kitu kimoja: kwa tembo, lenzi ya urefu wa milimita ngapi inatosha? Nami huwauliza tembo huyo watamngojea wapi. Maelekezo mengi ya kupiga picha wanyama yanatoka kwa watu waliozoea Serengeti, ambako simba anaonekana tangu mbali juu ya nyasi. Kwetu, iwe Lukwika-Lumesule kule Nanyumbu au Selous upande wa Liwale, pori ni miombo: shina, tawi, kichaka, kisha shina tena. Ukija na lenzi ndefu bila mpango, utarudi na picha safi sana za matawi.

Mpango wenyewe ni kufuata maji. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikikatika, nyasi zinabaki ndefu na barabara zina matope, kwa hiyo Juni ni mapema mno. Mwezi wa Agosti majani yanapukutika na vidimbwi vinakauka, na kufikia Septemba na Oktoba wanyama wamejisogeza mto Ruvuma na kwenye mabwawa machache yaliyobaki kwenye makorongo. Hiyo ndiyo miezi yangu, pamoja na joto lake. Ila msimu wa uwindaji huanza Julai, kwa hiyo ulizia ofisi ya pori kabla hujajaza mafuta. Mnyama aliyesikia risasi jana hasubiri gari leo.

Twiga je? Kusini mwa mto Rufiji hayupo. Mtu akikuahidi twiga Liwale, mshukuru na utafute dereva mwingine. Badala yake utapata palahala, swala mkubwa mweusi mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma, na huyo kwangu ni picha nzuri kuliko twiga kumi. Mtafute penye ardhi iliyoungua wiki chache zilizopita, ambapo majani mabichi yameanza kuchipua kwenye majivu. Hapo hakuna nyasi za kumficha.

Ukifika mtoni, usianze kuzunguka. Tafuta mahali ambapo njia ya wanyama inashuka ukingoni, penye nyayo na kinyesi kibichi. Mwombe dereva aegeshe jua likiwa mgongoni mwenu na upepo ukitoka upande wa wanyama kuja kwenu, kwa sababu tembo atainusa harufu yenu kabla hajaliona gari. Kabla injini haijazimwa, tazama kupitia kamera kule atakakosimama. Kuna shina litakaloonekana kama limemwota kichwani? Sogezeni gari hatua mbili mbele. Kazi hiyo ifanywe sasa, maana tembo akishatoka kichakani hamtasogea tena. Kisha zima injini, nyamaza, kaa. Madereva wetu wana haraka ya kukuonyesha kila kitu; mwambie tangu asubuhi kwamba leo mnakaa, asije akadhani umelala.

Kuhusu mwanga, sisi tuko karibu na ikweta na jua linapanda haraka. Kuanzia linapochomoza hadi kama saa mbili na nusu asubuhi una mwanga laini, halafu tena kuanzia saa kumi na nusu jioni. Katikati hapo, hasa baada ya saa nne, hewa inacheza juu ya mchanga wa moto na mnyama wa mbali anatoka na ukungu hata kwa lenzi ya mamilioni. Hakuna mpangilio wa kamera unaoponya hilo. Kula, lala.

Mipangilio yenyewe haina mengi. Kwa tembo anayetembea, shata (muda ambao kamera inafunguka) ya 1/500 ya sekunde inatosha. Kwa palahala anayekimbia, usishuke chini ya 1/1600. Apecha (tundu la lenzi) iache f/5.6 au f/8, na ISO (wepesi wa kamera kushika mwanga) ipande inavyotaka, maana chenga kidogo kwenye picha zinavumilika lakini picha iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe ya nukta moja, uiweke jichoni. Ukiiachia kamera ichague yenyewe, itashika kijiti kilicho mbele ya uso. Na nyati au tembo aliyejaza fremu atafanya na kamera yako kile bwana harusi mwenye suti nyeusi anachofanya ukumbini: kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kijivu kilichofifia. Punguza eksposha, yaani mwanga ambao kamera inapokea, kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu).

Stendi ya miguu mitatu haifai ndani ya gari. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze kilo mbili za mbaazi kavu, uulaze dirishani na lenzi juu yake. Unatulia kabisa, na mkirudi kambini kuna mboga. Lenzi usiibadilishe njiani, vumbi la mchanga litaingia; ifunike kwa kipande cha kitenge mpaka utakapoihitaji. Nguo ziwe za kaki. Mbung'o wanapenda buluu na nyeusi, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

Huna kamera? Simu peke yake usiivute zaidi ya mara mbili. Azima darubini, uilaze juu ya mfuko wa mbaazi, kisha bandika kamera ya simu kwenye kioo kimojawapo cha kutazamia. Sogeza taratibu hadi duara jeusi litoweke. Nimeona kiboko aliyepigwa hivyo na mwalimu wa sekondari, na nisingeona aibu kumtundika ukutani studio.

Sasa tembo mwenyewe. Mwaka 1976 eneo la Selous lilikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000. Sensa ya 2013 ilikuta kama 13,000. Tembo anaishi miaka sitini, kwa hiyo majike wakubwa unaowaona leo walikuwapo ndugu zao walipouawa na majangili. Usitegemee watakuvumilia kama wale wa mbuga zilizozoea watalii. Akipanua masikio, akainua kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anakutisha ili uondoke. Akibana masikio nyuma, akakunja mkonga chini na kuja kimya, huyo hatanii. Dume mwenye michirizi ya majimaji mashavuni na mkojo unaodondoka miguuni usimsogelee hata kama mwanga ni wa dhahabu. Askari wa pori mnayeingia naye akisema "kaka, tuondoke", kamera inashuka papo hapo.

Kiboko anapopiga mwayo hana usingizi, anakuonyesha meno. Picha yake inataka uandae fokasi kichwani mapema, shata 1/1000, na upige mfululizo. Mara nyingi hurudia baada ya muda mfupi, kwa hiyo usishushe kamera baada ya mwayo wa kwanza. Akirudia huku anakusogelea, wewe ndiye uliyesogea mno. Jioni anatoka kwenda malishoni, na hapo usisimame kamwe kati yake na maji. Wala usichuchumae ukingoni mwa Ruvuma ili upate pembe ya chini, mamba wapo.

Giza likianza kuingia, rudi kwenye gari. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 Tanzania, wengi wao wakiwa wa mikoa hii ya kusini, mashambani na vijijini kabisa. Wenyeji wakikukataza kutembea usiku kwenda kupiga picha za nyota, wasikilize. Na fleshi izime tangu unapotoka nyumbani.

Jambo la mwisho ni la simu. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime kipengele cha mahali (location), kwa sababu picha hubeba ndani yake vipimo vya pale ulipopigia, na jangili anaweza kuvisoma. Unaporusha mtandaoni picha ya dume la tembo lenye pembe ndefu, andika "Kusini mwa Tanzania", basi. Jina la korongo wabaki nalo askari.