Kupima na kufuatilia chatiboti ya Kiswahili inayotumia modeli kubwa ya lugha

Tuchukue chatiboti ya saccos ambayo nyaraka zake zinasema tawi liko wazi 08:30 hadi 16:00. Mteja anauliza: "Nikija saa kumi na moja nitawakuta?" Yeye anamaanisha 17:00. Modeli ikisoma 11:00, itamjibu "Ndiyo, karibu sana," na mteja atakuta mlango umefungwa. Seva haitaonyesha hitilafu yoyote, na sarufi ya jibu itakuwa safi kabisa.

Kipimo cha kosa hili kinahitaji uangalifu. Ukijaribu "saa tisa", chatiboti itafaulu hata ikikosea, kwa kuwa 09:00 na 15:00 zote zimo ndani ya saa za kazi. Chagua saa ambazo tafsiri mbili zinaleta majibu tofauti: saa nne asubuhi, saa kumi na moja, saa kumi na mbili. Fanya vivyo hivyo kwa "kesho kutwa", "mtondo" na kiasi kilichoandikwa kwa maneno, kama "laki mbili unusu".

Kusanya maswali 100 kutoka kwenye ujumbe halisi wa wateja, baada ya kufuta majina na namba. Usiyasafishe: acha "xaxa", acha Kiingereza kilichochanganywa, acha makosa ya tahajia. Takriban 15 kati yake yawe maswali ambayo nyaraka hazina jibu lake, ili uone kama chatiboti inakiri haijui au inabuni. Kwa kila swali andika jambo ambalo lazima litajwe na jambo ambalo halitakiwi kutajwa. Usiandike jibu zima la kulinganisha, maana maneno hubadilika kila mara.

Uliza kila swali mara 5. Kuweka halijoto ya modeli (kipimo cha ubahatishaji wake katika kuchagua maneno) kwenye 0 hupunguza mabadiliko lakini hakuyaondoi. Na kwa maswali 100, kutoka alama 90 hadi 92 kunaweza kuwa bahati tu, usitangaze ushindi.

Jibu likikosewa, angalia kwanza vipande vya nyaraka vilivyoletwa, yaani vile ambavyo mfumo ulivitafuta na kumpa modeli ili ajibu. Kama kipande sahihi hakimo, kuandika upya maelekezo ya mfumo (maagizo ya kudumu anayopewa modeli) ni kupoteza muda. Kiswahili hubana mengi ndani ya kitenzi kimoja, na utafutaji unaolinganisha maneno kama yalivyoandikwa tu hauwezi kuunganisha "sijarudishiwa" na "marejesho".

Tarakimu na tarehe zikaguliwe kwa msimbo wa programu. Mengine unaweza kumpa modeli hakimu, yaani modeli nyingine inayosahihisha majibu, ila mwulize ndiyo au hapana kwa kila sharti, maana akipewa alama za 1 hadi 10 huelekea kupendelea majibu marefu. Kabla ya kumwamini, watu wawili wasahihishe majibu 50 kwa mkono, kisha mlinganishe na hukumu zake.

Chatiboti ikiwa hewani, hifadhi kwa kila jibu: toleo la modeli, toleo la maelekezo, vipande vilivyoletwa, muda, na idadi ya tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli huvisoma na kuvitozea gharama). Kiswahili kwa kawaida hukatwa katika tokeni nyingi kuliko Kiingereza, kwa hiyo bajeti iliyokadiriwa kwa Kiingereza haitatosha. Namba za simu na vitambulisho vifichwe kabla ya kuandikwa kwenye logi, yaani kumbukumbu za mfumo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya (2019) na Tanzania (2022) zinakuhusu. Taja toleo la modeli lenye tarehe, kwa sababu jina la jumla linaweza kuhamishiwa toleo jipya bila wewe kugusa kitu.

Kila wiki soma mazungumzo 30 kwa macho yako: 20 ya kubahatisha, na 10 ambamo mteja alirudia swali lile lile kwa maneno mengine. Kurudia huko ni dalili bora kuliko vitufe vya kupenda, ambavyo wengi hawavibonyezi. Kila kosa utakalolikuta liingie kwenye yale maswali 100 kabla hujalirekebisha, kisha marekebisho yaende kwanza kwa wateja 5 katika kila 100.