Ukipenda mambo mengi: namna ya kuchagua njia ya kazi baada ya kuhitimu

Mhitimu anayependa mambo mengi huambiwa mapema kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lakini mara nyingi kinachomkwamisha si wingi wa mambo anayoyapenda. Anakwama kwa sababu anachagua kazi kwa majina ya masomo: napenda biolojia, napenda kuchora, napenda kupanga shughuli. Majina hayo hayamwambii atakuwa anafanya nini Jumanne saa tatu asubuhi. Kazi ni vitenzi: kupima, kueleza, kubembeleza, kuhesabu, kukagua, kuandika upya. Mtu hudumu pale ambapo vitenzi vya kila siku anaviweza na havimmalizi nguvu. Tuanze na hivyo.

Siku 14 za daftari

Kila unapomaliza jambo lililokuchukua zaidi ya nusu saa, andika mstari mmoja: ulifanya nini hasa, ulikuwa na nani, dakika ngapi, kisha alama ya kujumlisha kama ulibaki na nguvu au ya kutoa kama uliishiwa. Andika papo hapo. Ukingoja hadi usiku utaandika unavyotamani kuwa, na daftari litakudanganya.

Tazama mistari hii miwili:

"Nimemchorea mwenzangu jinsi figo inavyochuja damu. Mimi na yeye. Dk 50. +"
"Nimesoma sura ya biokemia. Peke yangu. Dk 70. – Nimeshika simu mara sita."

Yote miwili ingeingia chini ya "napenda biolojia". Wa kwanza unasema mtu huyu hupenda kueleza jambo gumu kwa mchoro, mbele ya mtu anayeuliza maswali. Wa pili unatia shaka kama maabara ya utafiti, yenye saa nyingi za kusoma kwa upweke, ndiyo mahali pake. Hilo matokeo ya mitihani hayalionyeshi, hata kama alipata alama A.

Siku ya 15, pigia mstari vitenzi vyote vyenye alama ya kujumlisha na uhesabu vinavyojirudia. Vitano hadi saba vinatosha. Usikubali neno pana kama "kusaidia watu", maana kila kazi humsaidia mtu fulani. Je, ni kumsikiliza mwenye shida, kumtafutia taarifa, au kumtetea mbele ya wakubwa? Hizo ni kazi tatu tofauti.

Dodoso la aina sita za mvuto wa kazi za mwanasaikolojia John Holland, lililotokana na nadharia aliyoichapisha mwaka 1959, linaweza kukusaidia kuhakiki. Aina zenyewe ni kazi ya mikono na mitambo, uchunguzi, sanaa, kuhudumia na kufundisha watu, ushawishi na biashara, na utaratibu wa kumbukumbu na takwimu. Matokeo kwa kawaida hutolewa kwa herufi tatu, kila moja ikiwakilisha aina moja, kwa hiyo kuwa na mvuto mchanganyiko si kasoro. Aina hizo hupangwa kwenye pembe sita: zilizo jirani hufanana, zinazotazamana hutofautiana sana. Ukitokea na sanaa pamoja na utaratibu, ambazo hutazamana, jiandae kwamba kazi moja inayolisha zote mbili ni adimu. Kumbuka pia kwamba dodoso hupima mvuto tu. Halipimi uwezo wako wala nafasi zilizopo.

Kutoka vitenzi hadi kazi tatu

Wengi wanazijua kazi chache tu: za wazazi, za walimu na zile za kwenye televisheni. Shirika la Kazi Duniani lina orodha ya kimataifa ya kazi, toleo la 2008, yenye makundi makuu 10 na makundi ya msingi 436, kila moja likiwa na maelezo ya majukumu. Ipitie haraka na utie alama pale unapokuta angalau vitenzi vyako vitatu. Chagua kumi, kisha bakiza tatu.

Kwa kila moja ya hizo tatu, soma matangazo ya kazi 20 ya nafasi za wanaoanza. Anza na sehemu ya majukumu, ndipo usome sifa. Chora jedwali: matangazo upande mmoja, ujuzi unaotakiwa upande mwingine, na weka alama. Ujuzi unaotokea kwenye 12 kati ya 20 ndio kiini cha kazi. Unaotokea kwenye mawili au matatu usikutishe, mara nyingi ni matakwa ya mwajiri mmoja. Zoezi hili humwokoa mhitimu na gharama kubwa: kulipia kozi ya miezi sita kwa sababu ya neno aliloliona kwenye tangazo moja.

Usipofikisha 20 hata baada ya mwezi wa kutafuta, hilo nalo ni jibu. Hapa ndipo wenye mambo mengi hukosea zaidi. Wanaitafuta kazi moja inayokutanisha yote, kwa mfano uchoraji wa michoro ya kitabibu, na wanaingoja. Kazi za makutano kama hiyo zipo, ila nafasi zake ni chache na mara nyingi hupewa aliyekwisha kujulikana kwa upande mmoja. Ingia kwa mlango mpana, kwa mfano uandaaji wa maudhui ya elimu ya afya, kisha sogea kuelekea kwenye makutano ukiwa ndani.

Jambo moja la kukagua mapema: kama kati ya tatu zako kuna taaluma inayodai leseni au usajili, kama udaktari, sheria, uhandisi au uhasibu, hesabu miaka na ada hadi siku utakayoruhusiwa kufanya kazi peke yako. Mlango wa aina hiyo huzidi kuwa mzito kadiri umri na majukumu yanavyoongezeka. Kazi isiyo na leseni unaweza kuijaribu sasa au baada ya miaka mitano.

Waulize watu watano, kisha ijaribu

Tafuta watu watano kwa kila kazi, wawili kati yao wawe wameianza chini ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu mkongwe hukumbuka mlango uliokwisha kufungwa. Omba dakika 20, na usiombe kazi. Swali la "unaipenda kazi yako?" huleta jibu la adabu tu. Uliza haya:

- Jumanne iliyopita ulifanya nini, tangu ulipoanza hadi ulipomaliza?
- Sehemu gani ya kazi hii watu wa nje hawaioni?
- Ukimwajiri mtu wa shahada kama yangu, ungetaka akuonyeshe nini?
- Walioiacha kazi hii walienda wapi?

Swali la nne ndilo lenye uzito zaidi kwako. Kazi ambayo watu huitoka kuelekea pande nyingi inakuachia nafasi ya kugeuka, na mwenye mambo mengi atageuka tu.

Halafu jaribu, saa 20 hadi 30 kwa kila kazi, kwa kutoa kitu kinachoshikika. Kwa elimu ya afya: chukua mada moja ngumu, itengenezee maelezo ya ukurasa mmoja yenye mchoro, wape watu watatu wasioijua, waombe wakueleze walichoelewa, kisha urekebishe mara mbili. Marekebisho ya pili ndiyo kipimo halisi. Rasimu ya kwanza humfurahisha kila mtu, ilhali kazi ya kila siku ni kurudia. Ukijikuta unaahirisha marekebisho kwa siku nne, andika hilo kwenye daftari.

Kuamua

Kwanza piga hesabu ya fedha: mahitaji yako ya mwezi kwa kiwango cha chini, na miezi ambayo akiba au msaada wa nyumbani utakubeba. Mshahara usioufikia huo mstari huondoa kazi kwenye orodha, au unaifanya kuwa ya kando. Usiuchanganye na vigezo vingine, utakuvuruga.

Zilizobaki zipe alama 1 hadi 5 kwa vigezo vinne: vitenzi, kasi ya kujifunza, watu utakaofanya nao kazi, na njia za kutokea. Vitenzi vihesabu mara mbili. Ukiona mkono wako unarudi kubadilisha alama ili moja ishinde, simama. Umeshajua unaitaka ipi. Basi chunguza kinachoipunguzia alama na ujiulize kama unaweza kuishi nacho. Weka tarehe ya kuamua, isizidi wiki nane tangu daftari lianze. Baada ya hapo taarifa mpya hupungua, na hofu ndiyo hukua.

Mambo yaliyobaki usiyazike. Chagua moja la kando na ulipe saa tatu hadi nne kwa wiki, kwa siku maalumu. Mengine yaandike na uyape zamu ya baadaye. Mawili ya kando pamoja na kazi mpya huwa mzigo, hasa katika miezi ya majaribio kazini.

Wasifu nao uwe mmoja kwa kila mwelekeo. Wasifu unaotaja yote kwa pamoja humwacha mwajiri akijiuliza utaondoka lini. Badala ya "Mhitimu wa biolojia, mpenda sanaa na mratibu wa hafla", andika: "Mhitimu wa biolojia anayegeuza taarifa za kitabibu kuwa maelezo na michoro inayoeleweka, sampuli tatu zimeambatishwa." Mambo ni yaleyale, ila sasa yanavuta upande mmoja.

Ukishaajiriwa, rudia daftari kwa wiki mbili mwezi wa sita na tena mwezi wa 18. Kama alama za kutoa zimezidi mwezi wa sita, angalia kwanza ni vitenzi au ni watu: vitenzi vikiwa sawa, omba kuhamia timu nyingine kabla ya kuacha taaluma. Zikizidi tena mwezi wa 18 kwa vitenzi vilevile, rudi kwenye orodha ya kazi kumi ukiwa na jedwali jipya la matangazo.