Bima ya mazao kwa kipimo cha mvua: mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Bima hii hailipii shamba lako, inalipia mvua iliyopimwa. Hakuna mkaguzi anayekuja kuhesabu mahindi yaliyokauka. Kampuni huangalia takwimu za kituo cha hali ya hewa au za satelaiti; mvua ikishuka chini ya kiwango cha mkataba, wenye bima wote wa eneo hilo hulipwa, hata aliyevuna vizuri. Ndiyo maana fidia yake inaweza kutoka mapema. Ndiyo maana pia wapo wanaopoteza mazao wasilipwe kitu: kwao mvua ilikatika, kwenye kipimo ilinyesha.

Kwa hiyo usianze na bei. Muulize wakala mvua inapimwa wapi. Kituo kikiwa ng'ambo ya mlima, au mahali palipoinuka sana kuliko kwako, bima hiyo haikufai. Satelaiti nayo hukadiria mvua ya eneo la kilomita kadhaa kwa pamoja, hivyo ukame wa upande mmoja wa kijiji unaweza usionekane kabisa.

Kisha mwambie akupigie hesabu mbele yako. Tuseme fidia inaanza mvua ikiwa chini ya milimita 100 katika kipindi cha maua, na inakuwa kamili ikifika 40 au chini yake. Ikinyesha milimita 70, zimepungua 30 kati ya 60, unalipwa nusu. Ikinyesha 101, hupati chochote. Uliza pia kama siku za ukame mfululizo zinahesabiwa, kwa sababu dhoruba moja ya milimita 100 hujaza jumla ya kipindi kizima huku mimea ikiungua wiki tatu zinazofuata.

Tarehe ndizo huwaponza wengi. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji yanapotoa mbelewele na ndevu, na kipindi hicho huwekwa kwenye mkataba kwa kukadiria siku ya kupanda. Ukichelewa kupanda wiki tatu, kipindi cha maua cha mkataba kinaweza kwisha kabla mahindi yako hayajachanua. Linganisha tarehe hizo na siku za kukomaa za mbegu yako. Kama hazioani, omba mkataba mwingine.

Kata bima ya thamani ya mbegu, mbolea na vibarua ikiwa fedha ni chache. Viwavi, magonjwa na wizi kwa kawaida havimo. Lipa kabla dirisha la kujiandikisha halijafungwa, na utunze risiti yenye jina la eneo la kipimo.

Nunua kipimamvua, ukisimike mahali pa wazi mbali na miti na paa, na usome kila asubuhi saa ileile. Kampuni haitatumia daftari lako kulipa fidia, lakini mwisho wa msimu liweke kando ya takwimu zao. Zikipishana sana hasa wakati wa maua, omba kuhamishiwa kituo kingine kabla ya kulipa tena.